Parasha ya wiki: Wayahudi wanavyowasoma Ibrahimu, Isaka na Yakobo

Myahudi anayeshika dini akitaka kukutajia wiki tuliyo nayo, hana haja ya tarehe. Atakwambia, "Hii ni wiki ya Haye Sara," na mwenzake atajua mara moja ni wakati gani wa mwaka, kwa kuwa hilo ni jina la sehemu ya Torati inayosomwa wiki hiyo. Kati ya Oktoba na Januari, marabi duniani kote wanazungumzia Ibrahimu, Isaka na Yakobo kwa mpangilio mmoja, na ndipo maswali yale yale yanaporudi. Mbona wote wako kwenye sura moja kwa wakati mmoja? Habari ya Ibrahimu kuvunja sanamu iko mstari gani? Ni kweli wanafundisha kwamba Yakobo hakukosea alipomdanganya baba yake mzazi?

Tuanze na maneno yenyewe. Torati ni vitabu 5 vya Musa: Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi, Hesabu na Kumbukumbu la Torati. Wengi huita hivyo Agano la Kale lote, na hapo mkanganyiko huanza. Maandiko matakatifu ya Kiyahudi kwa ujumla huitwa Tanakhi, nayo Wayahudi huyahesabu kuwa vitabu 24. Torati ni vile 5 vya mwanzo. Neno lenyewe kwa Kiebrania lina maana ya mafundisho au maelekezo. Sheria zimo, lakini hazikijazi chombo chote.

Parasha ni kipande cha Torati kinachosomwa kwa wiki moja. Vipo 54. Mwislamu anayegawa Qurani kwa juzuu 30 ili aikhitimishe ndani ya Ramadhani atalielewa hili bila shida: mgawanyo unamsaidia msomaji afike mwisho kwa wakati. Mkatoliki naye anayajua masomo ya Dominika, ila yake huzunguka kwa miaka 3 na ni vipande vilivyochaguliwa. Wayahudi wengi huisoma Torati yote, neno kwa neno, ndani ya mwaka 1. Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, nao wamo katika mzunguko huo.

Kalenda ya Kiyahudi ina miaka mifupi ya siku 353 hadi 355 na miaka mirefu ya miezi 13, siku 383 hadi 385. Katika mwaka mfupi Sabato hazitoshi, kwa hiyo parasha fulani husomwa mbili kwa pamoja. Zile 12 za kitabu cha Mwanzo haziunganishwi kamwe. Kila moja ina wiki yake, na za mababu zinaanza na ya tatu, Lekh Lekha, inayoanzia Mwanzo sura ya 12, pale Ibrahimu anapoambiwa aondoke katika nchi yake.

Usomaji mkuu ni Jumamosi asubuhi (Sabato huingia Ijumaa jua linapozama). Kinachosomwa ni gombo la ngozi lililoandikwa kwa mkono, lenye herufi 304,805, bila irabu na bila alama za kituo. Msomaji hujiandaa mapema, akariri irabu na mahadhi, kisha hufuatisha maandishi kwa kijiti chenye ncha ya umbo la mkono, maana kidole hakigusi ngozi. Pembeni yake husimama mtu mwenye kitabu cha chapa. Msomaji akikosea neno likabadilika maana, hurudishwa palepale. Watu 7 huitwa mmoja baada ya mwingine, na fungu la kila mmoja halipungui mistari 3. Sehemu ya mwanzo ya parasha huwa imeshaonjwa Jumamosi alasiri iliyotangulia, kisha Jumatatu na Alhamisi, siku zilizokuwa za soko zamani.

Katika amri 613 zinazohesabiwa ndani ya Torati, kitabu cha Mwanzo, kwa hesabu iliyozoeleka, kina 3 tu: kuzaa na kuongezeka, tohara, na kutokula mshipa fulani wa paja. Sasa kama Torati ingekuwa sheria peke yake, kitabu kizima cha kwanza kingekuwa utangulizi tu. Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi anayesomwa kuliko wote, aliyeishi Troyes, Ufaransa, kati ya 1040 na 1105, anaufungua ufafanuzi wake kwa swali hilo hilo: kwa nini Torati haikuanzia kwenye amri?

Maneno mawili zaidi. Pshati ni maana ya wazi ya andiko, jinsi sentensi inavyosomeka mahali pake. Midrashi ni mafundisho ya wahenga yanayoingia mahali andiko liliponyamaza, liliporudia jambo au lilipochagua neno lisilotarajiwa. Vyote viwili huheshimiwa, lakini ni vitu viwili. Nusu ya ugomvi wa mitandaoni juu ya mada hii hutoka kwa mtu kunukuu midrashi kana kwamba ni mstari.

Debe la unga na herufi iliyopotea

Tazama parasha mbili zinazofuatana, Vayera na Haye Sara. Katika Mwanzo 18 Ibrahimu ameketi mlangoni mwa hema wakati wa hari ya mchana. Anaona watu watatu, anawakimbilia. Anawaahidi nini? Maji kidogo ya kunawa miguu na kipande cha mkate. Basi. Kisha mstari wa 6 na kuendelea unahesabu alichotoa: sea 3 za unga mzuri, ndama laini, siagi na maziwa. Sea ni kipimo cha zamani cha lita 7 hivi au zaidi, kwa hiyo sea 3 ni debe zima na ziada, kwa wageni watatu. Wahenga wa Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, waliona pengo kati ya kipande cha mkate na debe la unga, wakatoa somo humo: watu wema husema kidogo na kutenda kingi. Wakaongeza kwamba ndama walikuwa watatu, ili kila mgeni apate ulimi mzima kwa haradali. Hiyo ya haradali ni midrashi. Debe la unga ni pshati.

Wiki inayofuata Sara amefariki, mwenye miaka 127, na Ibrahimu anatafuta mahali pa kumzika huko Hebroni. Efroni Mhiti, mwenye shamba la Makpela, anatangaza mbele ya watu wote langoni: nakupa shamba, na pango nakupa, mbele ya watu wangu nimekupa. Mara tatu katika mstari mmoja. Ibrahimu anashikilia kulipa, ndipo Efroni anapolitamka kana kwamba si kitu: ardhi ya shekeli 400 za fedha, ni nini hiyo kati yangu na wewe? Ibrahimu anampimia zote 400, fedha inayopokelewa na wafanyabiashara.

Sasa ingia kwenye gombo. Jina Efroni kwa Kiebrania huandikwa humo kwa herufi vav katikati. Katika mstari wa 16, pale fedha inapopimwa na kukabidhiwa, jina lake limeandikwa bila hiyo vav. Rashi anaeleza, kwa kuwafuata wahenga: alisema mengi na hakutenda hata kidogo, ndiyo maana jina lake limepungua. Talmudi inawaweka Ibrahimu na Efroni kwenye ukurasa mmoja kwa sababu hiyo. Anayejua kwamba ahadi ni deni hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hili, ila aone limetoka wapi: kwenye herufi moja na kipimo kimoja cha unga. Hivi ndivyo mafunzo ya parasha yanavyochimbwa. Mwalimu asiyeweza kukuonyesha neno, idadi au pengo aliloanzia, anakupa maoni yake mwenyewe na kumbebesha Ibrahimu.

Mambo mawili yanayochanganywa kila mwaka

La kwanza ni sanamu. Torati haina mstari hata mmoja unaosema Ibrahimu alivunja sanamu za baba yake. Habari hiyo ya Kiyahudi imo katika mkusanyo wa midrashi uitwao Bereshit Raba: Tera anauza sanamu, anamwachia kijana duka, mwanamke analeta bakuli la unga kama sadaka, Ibrahimu anazivunja zote na kuliacha rungu mkononi mwa sanamu kubwa. Msomaji Mwislamu anaijua habari ya Ibrahimu akivunja masanamu na kuliacha kubwa lao katika Suratul Anbiyaa, na kwake ni aya ya Kitabu. Kwa Myahudi ni midrashi, inayojibu swali ambalo andiko limeliacha wazi: kwa nini Mungu alimchagua mtu huyu, wakati Mwanzo 12 inafunguka kwa "ondoka" bila kutaja sifa yake yoyote?

La pili ni sadaka ya mwana. Katika Torati mwana ni Isaka, ametajwa kwa jina katika Mwanzo 22. Qurani haimtaji kwa jina mahali pa tukio, na Waislamu wengi hufundisha kuwa ni Ismaili. Hapa dini mbili zimeachana, na hakuna haja ya kulazimisha zifanane. Kinachopotea katika mabishano hayo ni jina ambalo Wayahudi wamelipa tukio: Akeda, yaani kufungwa. Hawaliiti kuchinjwa, kwa kuwa hakuna aliyechinjwa isipokuwa kondoo dume. Rashi anasoma agizo lenyewe kwa makini: Mungu hakusema "mchinje", alisema "mpandishe". Alipompandisha, akaambiwa mshushe.

Mababu na makosa yao

Wapo walimu wa Kiyahudi wanaowatetea mababu katika kila jambo. Lakini kusema kwamba dini ya Kiyahudi inawafundisha kama watu wasiokosea ni uongo. Ramban, rabi wa Girona, Hispania, aliyezaliwa mwaka 1194, anafika kwenye safari ya Ibrahimu kwenda Misri, pale alipomwambia Sara ajitaje kuwa dada yake, na anaandika kwamba baba yetu Ibrahimu alitenda dhambi kubwa bila kukusudia, kwa kumtia mkewe hatarini kwa ajili ya hofu yake. Hata kuikimbia nchi kwa sababu ya njaa anakuhesabu kosa. Rashi aliiona njaa hiyo hiyo kuwa jaribio ambalo Ibrahimu alitakiwa alivumilie. Chapa za Torati zenye wafafanuzi huwaweka wawili hawa wakilizunguka andiko moja kwenye ukurasa mmoja, na mwanafunzi hupewa wote.

Sura 4 mbele Sara anamtesa Hajiri, na Ramban anaandika tena bila kuzunguka: mama yetu alikosa kwa mateso haya, na Ibrahimu pia kwa kumwachia afanye hivyo. Maneno haya yameandikwa na Myahudi wa karne ya 13, kuhusu mama wa taifa lake, akimtetea mama wa Ismaili. Yanastahili kujulikana zaidi ya yanavyojulikana.

Kuhusu Yakobo, andiko lenyewe ndilo shahidi mkali, na ushahidi wake ni mbuzi. Katika parasha ya Toldot anachukua wana-mbuzi wawili. Nyama inapikwa, ngozi anavishwa mikononi na shingoni, na Isaka, ambaye macho yake yamefifia, anampapasa na "hakumtambua". Miaka inapita. Katika Vayeshev wanawe Yakobo wanachinja mbuzi, wanachovya kanzu ya Yusufu katika damu yake (Rashi anasema damu ya mbuzi hufanana na ya mtu), wanampelekea baba na kumwambia "tambua basi" kama ni kanzu ya mwanao. Aliyemdanganya baba kwa mbuzi na vazi anadanganywa na wanawe kwa mbuzi na vazi.

Na mbuzi wa tatu? Geuza sura moja tu. Yuda, aliyetoa shauri la kumwuza Yusufu, anamwahidi mwanamke wa njiani mwana-mbuzi kama malipo, asijue kuwa ni Tamari, mkwewe. Anaacha rehani: muhuri, kamba na fimbo. Tamari anaposhtakiwa na kutolewa akachomwe moto, hamtaji mtu. Anatuma vile vitu na maneno mawili, haker na: "tambua basi". Ni maneno yale yale ambayo Yakobo aliletewa pamoja na kanzu. Yuda anatambua, anasema mbele ya watu, "Ana haki kuliko mimi."

Talmudi ilitoa masomo mawili katika mlolongo huu. Moja ni kipimo kwa kipimo: kwa "tambua" Yuda alimjulisha baba yake, na kwa "tambua" akajulishwa yeye. La pili linamhusu Tamari, ambaye angeweza kujiokoa kwa kulitaja jina na hakufanya hivyo: ni heri mtu ajitupe katika tanuru la moto kuliko kumwaibisha mwenzake hadharani. Kabla ya hapo walishakuwa na neno kwa wazazi, kutokana na kanzu yenyewe: mtu asimbague mtoto mmoja kati ya watoto wake, kwani kwa ajili ya sufi nzuri yenye uzito wa sela mbili, sarafu mbili tu, ambayo Yakobo alimpa Yusufu kuliko ndugu zake, mambo yakafuatana hadi baba zetu wakashuka Misri.

Mkono wa parasha hizi unafika hadi buchani. Baada ya Yakobo kushindana usiku kucha kwenye kivuko cha Yaboki na kutoka akichechemea, Torati inasema Waisraeli hawali mshipa wa paja. Huo ndio mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mguu wa nyuma wa ng'ombe, mbuzi au kondoo. Ndege hawamo katika katazo. Kuutoa pamoja na matawi yake na mafuta yaliyokatazwa kunahitaji fundi aliyefunzwa, na kazi huchukua muda hadi nyama inachanika vipande. Ndiyo maana katika nchi nyingi bucha za kosheri, yaani zinazofuata sheria za chakula za Kiyahudi, huuza sehemu ya mbele tu, na robo ya nyuma, yenye sarara na minofu ya paja, huuzwa kwa wasio Wayahudi.

Ukitaka kufuata mwenyewe

Desturi ya Talmudi ni kusoma parasha mara mbili kwa Kiebrania na mara moja kwa tafsiri ya Kiaramu, kabla ya wiki kwisha. Wengi leo huweka Rashi mahali pa hiyo tafsiri. Njia rahisi ni kugawa mafungu yale 7, moja kila siku kuanzia Jumapili. Ukiwa na Biblia ya Kiswahili, anza na sura nzima kabla ya ufafanuzi wowote, uandike neno linalojirudia na jambo linalokushangaza. Kiswahili kitakubeba vizuri kwenye "kutambua", kitenzi unachoweza kukifuata kutoka Mwanzo 27 hadi 37, 38 na 42. Lakini vav ya Efroni hutaiona katika tafsiri yoyote, hapo utamtegemea mfafanuzi.

Angalia na namba. Mstari wa mshipa wa paja ni 32:32 katika Biblia zetu na 32:33 katika Kiebrania, kwa kuwa mstari wa mwisho wa sura ya 31 kwetu ni wa kwanza wa sura ya 32 kwao. Watu wamebishana siku nzima juu ya nukuu iliyokuwa sahihi.

Angalia pia parasha inapokatwa, maana mara nyingine mkato wenyewe unafundisha. Mikets inaishia Mwanzo 44:17. Kikombe kimekutwa katika gunia la Benyamini, na Yusufu, ambaye ndugu zake bado hawajamtambua, anasema huyu atabaki kuwa mtumwa wangu, ninyi nendeni kwa amani kwa baba yenu. Gombo linakunjwa hapo. Maimonides, rabi na mwanasheria mashuhuri wa zama za kati, katika sheria zake za toba, anaeleza toba kamili kuwa ni mtu kujikuta tena katika jambo lile lile alilokosea, uwezo wa kulitenda akiwa nao, asilitende. Yuda yuko hapo hasa: mwana mwingine wa Raheli anaelekea utumwani Misri, na safari hii kumwacha hakuna gharama yoyote, wamepewa hata ruhusa. Alasiri ya Sabato hiyo hiyo gombo hufunguliwa kwenye parasha inayofuata: "Yuda akamkaribia." Anaanza kusema, anasimulia habari za baba mzee na mtoto wa uzeeni, na usomaji husimama kwenye mstari wa 30. Jumatatu husimama hapo hapo. Alhamisi vilevile. Maneno ya mstari wa 33, pale Yuda anaposema nichukue mimi niwe mtumwa badala ya kijana huyu, husikika sinagogi Jumamosi.